Njano na Bluu Zikinuniana

Njano na bluu zikinuniana, jani halioti.

Bibi Nanzia aliyasema maneno hayo bila kuinua macho kwenye ungo wake wa maharage. Vijana waliokuja kupamba ua kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake walikuwa wamejitenga makundi mawili, kundi moja limeshika ngazi, jingine limeshika kamba, na tangu asubuhi hakuna kitambaa hata kimoja kilichokuwa kimefungwa. Waliposikia maneno yale, wakageuka.

"Bibi, hiyo methali ya wapi? Mbona shuleni hatukufundishwa?" aliuliza mmoja wao.

"Na ilizaliwa shuleni hukohuko," Bibi akajibu. "Tena shule hiihii yetu iliyo ng'ambo ya korongo. Wekeni ngazi chini mkae. Ila mikono isikae bure, kila mtu achukue maharage achambue."

Wakakaa wakiuzunguka ungo, naye akawasimulia ilikotoka.

Wakati huo shule yetu ilikuwa na madarasa manne ya matofali na chumba kimoja cha pembeni kisichokuwa na kazi. Kijiji kilikuwa na vitongoji viwili, Juu na Chini, kama kilivyo leo, na vyote viwili vilimwagilia mashamba kwa maji ya ndiva moja. Nyinyi mmekulia kwenye mabomba, wengine wenu ndiva hamuijui. Ni bwawa walilolijenga wazee wetu wa Upare kwa mawe na udongo, ili maji ya kijito yakusanyike usiku na asubuhi yafunguliwe yaende mashambani. Leo maji ni ya Juu, kesho ni ya Chini. Siku ya Juu, mtu wa Chini hathubutu hata kuosha jembe mferejini. Akithubutu, huitwa mbele ya wazee na mbuzi humtoka. Mtoto wa kwetu aliijua zamu ya maji kabla ya kujua kuhesabu.

Mwaka huo mvua zilikuwa haba, na maji yakiwa haba maneno huwa mengi. Watu wa Juu walisema wa Chini wanafungua ndiva kabla ya wakati. Wa Chini walisema wa Juu wanachelewa kuifunga. Tope likajaa bwawani na hakuna aliyelizoa, kwa sababu baragumu la msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, lilipopigwa, kila upande ulikaa nyumbani ukingoja mwingine utangulie. Jumapili walisalimiana kanisani kwa sababu Mungu alikuwa anawatazama. Wakishatoka nje, kila mtu na njia yake.

Hapo ndipo alipofika Mwalimu Hongoli. Alikuwa msichana wa Njombe, ametoka chuo cha ualimu mwaka uleule, mwembamba, mwenye kucheka haraka na kuamini haraka. Ndani ya sanduku lake la bati, chini ya nguo na sweta, alikuwa na mifuko mitatu ya rangi ya unga: nyekundu, njano na bluu. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu, Mzee Mchome, akaomba kile chumba cha pembeni kiwe chumba cha kuchorea.

Mzee Mchome hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mahindi. Alikuwa akipika uji wa watoto kwa mahindi yaliyolala kwenye veranda, na kila mvua ikinyesha alikuwa akikimbia na maturubai.

"Chumba kile nimekipigia mahesabu kiwe stoo, Mwalimu," alisema. "Picha haziliwi."

"Kweli haziliwi, Mwalimu Mkuu. Lakini mtoto aliyejifunza kutazama hata shamba lake atalitazama vizuri zaidi."

Mzee Mchome alimwangalia kwa muda. Nadhani alikumbuka kwamba naye aliwahi kuwa kijana. "Haya," akasema, "nakuazima mpaka siku ya wazazi. Wazazi wakiingia humo wakaona kitu cha maana, chumba ni chako. Wasipoona, jioni ileile magunia yanaingia, na kipindi cha kuchora nakifanya cha hesabu."

Mwalimu Hongoli akashukuru kwa kupiga goti, akatoka anakimbia kama mwanafunzi.

Somo lake la kwanza hakuna aliyelisahau. Alitupikia uji mwembamba wa muhogo, akaupoza, akasema ndio gundi yetu. Akakoroga unga wa njano katika bakuli moja na unga mwekundu katika jingine. Akachukua njano kwenye sahani, akadondoshea tone la nyekundu, akakoroga kwa kijiti.

"Chungwa!" darasa zima la tatu likapiga kelele. Aliyekuwa nyuma akasimama juu ya dawati.

"Nani kaweka chungwa humo?" mtoto mmoja aliuliza kwa hofu ya kweli.

"Hakuna aliyeliweka," Mwalimu akasema. "Limezaliwa mbele ya macho yenu. Sikilizeni nikuambieni siri: mkichanganya rangi, anzeni na ile nyepesi. Ile kali iingie polepole, tone kwa tone, kwa adabu. Ikiingia kwa kishindo itameza mwenzake, hamtaona kitu."

Siku hiyo kila mtoto alitaka chungwa lake, na mfuko wa nyekundu ukaisha. Mwalimu hakukasirika. Alibaki na njano na bluu, na alikuwa na mpango nazo. Alitupeleka kwenye dirisha la kile chumba, ambalo lilitazama migomba ya kijiji kuanzia mtoni hadi mlimani, akatuonyesha ukuta uliopakwa chokaa nyeupe.

"Ukuta huu utakuwa shamba lile," alisema. "Migomba, mwanzo hadi mwisho. Rangi ya majani siwapi. Nawapa hizi mbili, mtaitafuta wenyewe." Macho yake yaling'aa. Alikuwa na hamu ya kutuona tunagundua.

Lakini keshoye aliitwa wilayani kwenye semina ya walimu wapya. Akakabidhi mabakuli mawili kwa viranja wa darasa, Kajiru na Niwaeli, pamoja na brashi za nyuzi za mkonge alizozifunga mwenyewe. Kajiru alikuwa mvulana wa Juu, mjukuu wa Mzee Kibacha, yule msimamizi wa ndiva, na alitembea kama mtu aliyezaliwa na funguo za kijiji mfukoni. Niwaeli alikuwa msichana wa Chini, mfupi, mwenye ulimi uliomfanya aonekane mrefu.

"Gawaneni vizuri," Mwalimu Hongoli aliwaambia. "Msigombane." Akapanda gari.

Maskini, alikuwa mgeni. Alitoka kwenye nchi ya mvua nyingi, ambako maji hayana zamu. Hakujua kwamba ukimwambia mtoto wa kwetu agawane kitu, yeye anajua namna moja tu ya kugawana. Kabla vumbi la gari halijatua, Kajiru alikwishachora mstari wa mkaa katikati ya ukuta, kutoka darini hadi sakafuni.

"Huku ni Juu, huko ni Chini," alisema. "Bluu ni yetu. Njano chukueni."

"Kwa nini nyinyi bluu?"

"Kwa sababu mbingu iko juu."

"Basi sisi njano, kwa sababu mavuno yako chini," Niwaeli akajibu. "Na zamu?"

"Leo sisi, kesho nyinyi. Siku yetu, mtu wa Chini asiguse hata brashi."

"Na siku yetu, mtu wa Juu asipitishe hata pua."

Wakakubaliana, na wote tuliona ni haki kabisa. Wakateua na walinzi. Mlinzi wa bakuli la bluu alikaa juu ya kigoda mlangoni amekunja mikono kama wazee wanavyokaa ndivani. Kila siku kundi moja lilichora na jingine likasimama dirishani likikejeli.

"Migomba ya bluu! Imeliwa na baridi!"

"Yenu je? Ina homa ya manjano! Ipelekeni zahanati!"

Ni kweli kila mmoja aliona kwamba mgomba wake si mgomba. Lakini nani angesema? Kusema ni kuomba, na kuomba kwa upande wa pili mwaka ule kulikuwa aibu. Badala yake kila upande ulizidi kupaka. Waliposikia wenzao wamepaka migomba sita, wao wakapaka saba, na minene zaidi. Rangi ikapakwa juu ya rangi. Siku ya mwisho Kajiru aliligeuza bakuli la bluu akalipangusa kwa kidole. Niwaeli naye akalipangusa la njano kwa ganda la mgomba. Hakikubaki kitu.

Mwalimu Hongoli alirudi mchana wa siku iliyotangulia siku ya wazazi. Aliingia chumbani na tabasamu tayari usoni, sisi tumejipanga nyuma yake. Tabasamu likabaki pale usoni bila kazi.

Nusu ya ukuta ilikuwa bluu, nusu njano, na mstari wa mkaa katikati. Hakukuwa na jani hata moja ambalo mbuzi angelitamani.

"Rangi iliyobaki iko wapi?" aliuliza taratibu.

Kajiru akageuza bakuli. Niwaeli akageuza lake.

Wakati huohuo Mzee Mchome akachungulia mlangoni. Alitazama ukuta, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwalimu," akasema, "mimi ni mkulima miaka yote. Hii migomba ina ugonjwa gani?"

Hakuna aliyecheka. Naye alipoona uso wa Mwalimu Hongoli akapunguza sauti. "Basi. Ufute tu ukuta ubaki safi. Kesho jioni vijana wataleta magunia." Akaondoka akikohoa, kama mtu anayejuta kusema kweli.

Mwalimu Hongoli aliketi kwenye kigoda cha mlinzi. Tulimwona anapepesa macho haraka haraka. Ndipo sisi watoto tulipoelewa kwamba jambo hili halikuwa la Juu wala la Chini. Kesho kile chumba kingekuwa na magunia mpaka darini, na saa ya kuona chungwa likizaliwa ingekuwa saa ya kujumlisha na kutoa.

"Leteni maji na matambara," alisema hatimaye. "Tufute."

Tukaleta. Kajiru, kwa kuwa kila kitu alitaka kuanza yeye, alichovya tambara lake kwenye ndoo, akaliweka juu ya mgomba wake wa bluu uliokuwa karibu na mpaka, akavuta. Rangi ya uji wa muhogo haina kiburi ikionja maji. Ikalegea, ikafuata tambara. Akavuta kwa hasira, mkono ukapitiliza, tambara likavuka mstari wa mkaa likapita juu ya jani la njano la Niwaeli.

"Umevuka mpaka!" Niwaeli akapiga ukelele. "Mwalimu, ameingia kwetu! Nyote mmeona, ameingia k…"

Pale tambara lilipopita kulikuwa na jani. Jani kweli, la kijani, limelowa na linang'aa kama limetoka kunyeshewa.

Kisha Kajiru akasema, "Hilo ni letu."

"Lenu? Liko kwetu!"

"Lakini maji yametoka kwetu. Bila bluu lingekuwa hapo?"

"Na bila njano lingekuwa wapi? Tena umeingia siyo zamu yako, tutakushtaki, utatoa mbuzi!"

"Mbuzi wa nani, wakati mimi ndiye niliyezaa jani?"

"Mwanamume azae! Haya jamani, sikieni, Kajiru amejifungua!"

Darasa likaanguka kwa kicheko, hata wale wa Juu. Mwalimu Hongoli akainuka kwenye kigoda. Machozi yalikuwa bado yamening'inia, lakini uso ulikuwa umeshabadilika.

"Kesi hii nitaiamua mimi," alisema. "Kajiru, chukua bluu yako uondoke nayo. Niwaeli, nawe chukua njano yako. Kila mtu na mali yake, tumalize."

Kajiru akalisogelea lile jani. Akaweka kucha, akakwangua kidogo, akatazama kucha yake. Kijani. Akakwangua tena upande mwingine. Kijani. Niwaeli naye akajaribu kwa ncha ya kanga yake. Kijani tu.

"Haitoki," Kajiru akasema kwa mshangao. "Zimeshikana."

"Nilitaka mkute hilo siku ya kwanza," Mwalimu akasema.

Tukawa tunatazama ule ukuta wote, na kila mmoja alikuwa anahesabu jambo lilelile moyoni. Njano ilikuwepo, imepakwa nene nusu ya ukuta. Bluu nayo ilikuwepo, nusu nyingine. Mabakuli yalikuwa matupu, lakini rangi haikuwa imepotea. Ilikuwa imekaa ukutani, imenuna.

"Mwalimu," Niwaeli alisema polepole, "tukifuta bluu yote kwa matambara, tukakamua matambara kwenye ndoo, si tutapata maji ya bluu? Tuyapake juu ya njano yetu."

"Kwa nini bluu ndiyo ifutwe?" Kajiru akadakia. "Futeni njano nyinyi, mpake juu ya bluu yetu."

Wote wakamgeukia Mwalimu. Hakutaka kupendelea, lakini rangi zina sheria zake. "Nimewaambia tangu mwanzo, nyepesi hutangulia," akasema. "Njano ukiipaka juu ya bluu itamezwa, hamtaiona. Bluu ndiyo inayopaswa kuja, tena kidogo kidogo." Akamgeukia Kajiru. "Lakini sitamlazimisha mtu kufuta kazi yake. Kajiru, watu wa Juu wanakutazama wewe. Sema mwenyewe."

Kajiru akautazama upande wake. Katikati kulikuwa na mgomba mmoja mkubwa ambao hakumruhusu mwingine kuugusa. Alikuwa ameuchora na mkungu wake, kila ndizi imejikunja mahali pake, na ua likining'inia chini. Ulikuwa bluu, sawa, lakini ulikuwa mzuri. Wa Juu wenzake walimwangalia, na mmoja akamnong'oneza, "Usikubali. Wataringa."

Niwaeli alimtazama Kajiru, na kwa mara ya kwanza ulimi wake haukuwa na haraka.

"Kajiru," akasema, "kwangu kuna mgomba mkubwa, ule wa pembeni. Nimeuchora mwenyewe, hauna mkungu, mikungu inanishinda. Futa wako, uje uuchukue ule. Uwe wako. Uupe majani, uuchoree na mkungu."

"Ule mrefu?"

"Ndiyo. Ule ninaoupenda."

Kajiru akaokota tambara lake. Kisha akachovya tambara kwenye ndoo, akalikamua nusunusu, akautazama mgomba wake mara nyingine. Akaanza kuufuta kutoka juu, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Alipofika kwenye mkungu alifumba macho. Halafu akalikamua tambara ndani ya ndoo tupu, na tukasikia maji ya bluu yakidondoka.

Hapo ndipo wote tulipouvamia ukuta. Wa Juu walifuta na kukamua, wa Chini walichota na kupaka. Baada ya muda hakuna aliyejua nani anafuta na nani anapaka. Mstari wa mkaa ulifutika, sijui kwa mkono wa nani. Mwalimu Hongoli alikimbia huku na huku sketi imelowa, akipiga kelele, "Kidogo kidogo! Kwa adabu! Acha wewe, unaimeza njano!" Pale maji yalipokuwa mepesi, jani lilitoka changa, kama lile linalofunguka alfajiri. Pale yalipokuwa mazito, lilitoka jani kongwe, la kufungia chakula. Hatukuwa tumejua kwamba kijani kina watoto wengi hivyo.

Kajiru aliupa mgomba mrefu mkungu wake. Niwaeli alisimama nyuma yake akimwelekeza, ingawa ndiye aliyesema mikungu inamshinda.

"Zikunje zaidi."

"Nani mwenye mgomba?"

"Wewe. Lakini zikunje."

Upande wa Juu uliofutwa haukurudi mweupe kabisa. Bluu kidogo iligoma kutoka, ikabaki hafifu, imetanda chini ya ukuta. Tulitaka kuisugua, Mwalimu akatuzuia. Akarudi nyuma hatua chache, akaikazia macho, akasema, "Iacheni. Ni ndiva, imejaa." Na kweli ilikuwa ndiva, imejaa hadi ukingoni, na migomba ya kijani ikiinamia maji.

Wazazi walikuja kesho yake. Waliingia kwa makundi mawili, kama desturi ya mwaka ule, wa Juu ukuta wa kushoto, wa Chini ukuta wa kulia. Lakini picha ilikuwa moja na ilienea kona hadi kona, kwa hiyo ili kuiona yote ilibidi watu wasogee, na waliposogea walijikuta wamesimama mabega kwa mabega. Kina mama walianza kuchagua majani kama wako shambani.

"Hili changa, lisikatwe."

"Hili nalichukua la kufungia ndizi za kuvundika."

Mama mmoja alinyoosha kidole akaligusa, kikatoka kijani. "Loo! Halijakauka!" Watu wakacheka.

Mzee Kibacha alikuja na fimbo yake. Watu wakampisha, maana ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu maji. Aliitazama ile ndiva iliyojaa kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama migomba. Kisha akamwita mjukuu wake.

"Kajiru. Mwalimu wenu alibakiwa na njano na bluu tu, mimi najua. Hii kijani mmeipata wapi?"

"Hatukuinunua, babu. Ilizaliwa."

"Ilizaliwa na nani?"

Kajiru akamtazama Niwaeli. "Bluu ilikuwa yetu," akasema. "Njano ilikuwa ya Chini."

"Na wote mlipokuwa nazo, tangu siku ya kwanza, hamkuipata?"

"Hatukuipata."

"Kwa nini?"

Kajiru akatazama miguu yake. Ni Niwaeli aliyejibu, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Kwa sababu njano na bluu zilikuwa zimenuniana, Mzee."

"Na zikinuniana?"

"Jani halioti."

Wa Juu hawakuwaangalia wa Chini, na wa Chini hawakuwaangalia wa Juu, lakini kila mtu alisikia. Mzee Kibacha akatikisa kichwa polepole, akayarudia maneno yale kinywani mwake kama mtu anayeonja chumvi, akatoka.

Mwalimu Hongoli hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama Mzee Mchome, ambaye alisimama katikati ya chumba mikono nyuma, miwani kwenye ncha ya pua. Nje, vijana walikuwa wamefika na gunia la kwanza begani.

"Mwalimu Mkuu, tuliweke wapi?" mmoja akauliza kutoka mlangoni.

Mzee Mchome hakugeuka. Alikuwa ameinama kuutazama mkungu wa Kajiru kwa karibu.

"Pelekeni ofisini kwangu," akasema.

"Yote? Hapatakuwa na pa kukaa!"

"Nitakaa juu yake."

Na alikaa juu yake, wanangu. Mwaka mzima mzazi aliyekwenda kumwona Mwalimu Mkuu alimkuta amekaa juu ya magunia kama mfalme wa mahindi, akisaini barua magotini na kupukuta fukusi kwenye mikono ya shati. Hakuna aliyemsikia analalamika. Mwalimu Hongoli akabaki na chumba chake, na chungwa likaendelea kuzaliwa kila mwaka mbele ya darasa la tatu, na zambarau, na kijani, na kila mwaka mtoto mmoja alikuwa akiuliza nani ameliweka humo.

"Na ndiva, Bibi?" aliuliza kijana mmoja. "Walipatana siku ileile?"

"Siku ileile? Wewe unawajua watu wa kwetu?" Bibi Nanzia akacheka. "Waliendelea kununa kiasi cha kutunza heshima. Lakini baragumu lilipopigwa tena, Mzee Kibacha alisimama mwenyewe ukingoni mwa bwawa na kusema yale maneno ya watoto, hakuongeza neno. Mtu mmoja wa Juu akashuka na jembe lake. Halafu mmoja wa Chini. Tope likaanza kutoka. Tangu hapo, wakikutana watu wawili ambao kila mmoja ana nusu ya kitu na hataki kumpa mwenzake, utasikia mtu akiyasema. Wameyasema kwenye vikao vya maji, kwenye ndoa, hata kwenye kwaya."

"Na wewe, Bibi, ulikuwa upande gani?"

"Mimi? Nilikuwa upande wa wanaocheka."

Akautikisa ungo, maganda yakaruka, maharage yakabaki, naye akamalizia. Kwa hiyo ukiwa na bluu yako, iwe nzuri namna gani, usiikalie mlangoni kama mlinzi. Na ukiwa na njano, usijisifu kwamba mavuno ni yako. Kila moja peke yake ni rangi tu ukutani. Shamba linawahitaji wote wawili, na linawangoja, kwa kuwa njano na bluu zikinuniana, jani halioti.